Mpishi wa Harusi Kwenye Mkeka wa Judo

Nilipotoka eda sikuweza tena kukaa kitako. Watu wanadhani mjane akishamaliza miezi yake minne na siku kumi anatoka amepoa, ametulia, mwenye sauti ya chini. Mimi nilitoka mkali. Nilipanda na kushuka ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe bila ya haja yoyote. Nikifungua kabati nasahau nnatafuta nini. Nikenda dirishani, namwangalia muuza kahawa, namchoka, narudi jikoni, nakuta hakuna cha kufanya kwa sababu mkwe wangu keshafanya kila kitu, mpaka vitunguu vya kesho keshavimenya. Mikono ilikuwa inaniwasha.

Na mikono yenyewe si ya kukaa bure. Nimepika harusi za mji huu tangu usichana wangu. Kwetu wapishi wa shughuli kubwa wengi ni wanaume. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye sufuria zake mwenyewe, zile ambazo wengine wanaziepua watu wawili wawili. Nikishapandwa na hasira naepua peke yangu, na hasira sijawahi kuzikosa. Marehemu mume wangu akishughulika na nyama na kuni, akizungumza na wenye harusi kwa lugha nzuri, mimi niko uani napiga kelele na mwiko mkononi. Alipofariki, mwanangu alinipigia simu kutoka Maskati, anakofanya kazi ya kutengeneza viyoyozi, akaniambia mama sasa basi, umechoka, pumzika. Nani kamwambia nimechoka? Lakini mdogo wangu wa kiume alishakuja na gari kuzichukua sufuria akazihifadhi kwake. Kuzihifadhi, ati.

Tulibaki nyumbani wawili, mimi na mke wa mwanangu. Mtoto wa Jambiani huyo, mama yake analima mwani kule pwani. Mwembamba, mpole, akitembea humsikii. Nikimwita, naam mama. Nikimtuma, naam mama. Mwanangu alimuoa, akakaa naye muda mfupi tu, akaenda zake Maskati na ahadi ya kumvuta. Baba mtu akaugua, akafa, nikakaa eda, na yule mtoto ndiye aliyenipikia uji na kunifulia mashuka muda wote huo. Nilipotoka, karatasi zake za safari zilikuwa tayari, imebaki tiketi tu. Akasema hataki. Alisema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mdogo wangu: "Mie siendi, mama. Nani atakaa na wewe?"

Nikamshukuru Mungu. Nikamsifu kila barazani, nikawaambia wenzangu wenye wakwe waje kwangu waone mkwe anavyokuwa. Mwanangu kule akanuna. Nikamwambia avute subira, mkewe kaamua mwenyewe, hakushikiwa kisu. Kumuuliza mara ya pili sikumuuliza.

Kitu kimoja tu alikuwa akikifanya kwa ajili ya nafsi yake. Jumatatu na Jumatano, akishasali Alasiri, anachukua mkoba wake anakwenda Jang'ombe kufanya judo. Aliianza tangu yuko skuli, na mwanangu hakumkataza. Kuna ukumbi nyuma ya skuli moja kule, na siku hizo mbili ni zamu ya wanawake. Mimi nilikuwa siutilii maanani mchezo wenyewe. Niliona ni jambo la watoto, kama kuruka kamba.

Jumatano moja nikamfuata. Sikuwa na sababu ya maana. Sikuweza tu kubaki ndani ya nyumba ile nikisikiliza saa ya ukutani. Nilimwambia nakuja kukusindikiza, akasema naam mama, tukatembea kwa miguu mpaka huko, mimi mbele yeye nyuma.

Ndani kulikuwa na joto, madirisha yamezibwa kwa khanga kuukuu ili vijana wa nje wasichungulie. Sakafu nzima imetandikwa mikeka minene, migumu. Wanawake kama kumi hivi, wamevaa nguo zile nyeupe nzito za kukunjiana kifuani, na mitandio wameifunga kwa ndani isifunguke. Kulikuwa na Mhindi mmoja wa duka la vitambaa Darajani, kulikuwa na askari polisi, kulikuwa na wasichana wa chuo. Mwalimu wao ni mwanamke mfupi, wa makamo, shingo nene, sauti ndogo. Nimesikia kwengine watu wa judo wanainamiana kabla ya kushikana. Pale hawainami, maana kuinama ni kwa Mungu. Wanaweka mkono kifuani, wanatazamana, wanaanza.

Nikaketi kwenye benchi. Wakaanza kuangushana. Wallahi sauti ile ya mtu anapofika chini, ule mkono unavyopiga mkeka, iliniingia mwilini. Mkwe wangu, yule asiyesikika akitembea, alimnyanyua askari polisi akamlaza chini kama anatandika shuka. Mdomo ulinibaki wazi. Nilijaribu kukaa, nikainuka, nikakaa tena, nikainuka. Mwalimu akanijia akaniuliza kwa adabu kama kuna kitu nakitaka. Nikamwambia nataka hicho. Akaniuliza kipi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Aliniuliza umri wangu, nikamwambia. Akaniuliza kama nna presha, nikamwambia presha ninayo nikikaa nyumbani.

Wiki za mwanzo hawakunifundisha chochote ila kuanguka. Unachuchumaa, unajilaza nyuma, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka kabla mgongo haujafika. Halafu upande. Halafu mbele. Mwili wangu si haba, na kila nikienda chini ukumbi mzima ulikuwa unajua. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikapanda ngazi kwa makalio, mkwe wangu nyuma yangu akinisukuma na akijizuia kucheka. Alinisugua mgongo kwa mafuta ya karafuu. Nikamwambia huko sirudi tena. Jumatatu nilikuwa nimeshafika mlangoni kabla yake.

Halafu nikafundishwa kuangusha, na hapo ndipo nilipojiona nimefika. Ule mtego wa nyonga: unamshika mwenzako ukosi na mkono wa nguo, unamvuta mpaka asimamie vidole, unaiingiza nyonga yako chini ya tumbo lake, unageuka, anapita juu yako anakwenda chini. Nikasema ah, si kuepua sufuria tu huku? Nikamshika yule Mhindi, nikavuta, nikageuka, akaruka. Nikamshika mmoja katika wale wasichana wa chuo, akaruka. Askari polisi, mwanamke mwenye kifua kama kabati, naye akaruka. Na aliyeruka vizuri kuliko wote ni mkwe wangu. Alikuwa akipaa, wallahi, nguo zinapepea, na akifika chini anapiga mkeka mpaka khanga za madirishani zinatikisika.

Nilivimba kichwa. Kwa nini nisivimbe? Maisha yangu yote nimenyanyua vitu vizito, nikasema basi kumbe nilikuwa nikifanya mazoezi bila ya kujua. Kwa mara ya kwanza tangu kufiwa nilikuwa nikilala. Nilikuwa nikiamka na hamu. Barazani wenzangu wanazungumzia magoti na sukari, mimi nazungumzia namna ya kumvuta mtu ukosi. Mdogo wangu akanicheka akaniita bondia. Nikamshika kanzu pale pale mbele za watu nikamwambia nikuonyeshe, akaomba radhi mpaka akatia huruma.

Ikaja siku ya mtihani wa mkanda wa manjano, ule unaofuata mweupe. Unatakiwa uangushe na uangushwe mbele ya mwalimu. Niliangusha wote niliopewa. Nilipoangushwa mimi, mkwe wangu ndiye aliyepewa kazi hiyo, na alinishusha chini polepole kama mtoto mchanga anayelazwa susuni. Nikasema mwenyewe kimoyomoyo, mashaallah, mtoto huyu ana ufundi. Mwalimu akanifunga mkanda kiunoni, wakanipigia makofi, yule Mhindi akaleta boksi la jalebi. Nilirudi nyumbani nimeuvaa chini ya buibui.

Mkanda ule ulikaa kiunoni mwangu kiasi cha mwezi, mpaka alipokuja yule mgeni.

Alikuwa mwanamke wa bara, kapita arubaini, amehamishiwa benki moja hapa. Mkristo, aliuvua mkufu wake wenye msalaba akautia kwenye mkoba, akaja akaniamkia shikamoo mama, nikamjibu marahaba. Mtu mstaarabu kabisa. Alikaa akatuangalia kwanza, akaniona nikiwaangusha mmoja baada ya mwengine. Halafu mwalimu akatupanga pamoja, nikaona mwalimu anamnong'oneza kitu, na yule mgeni hakumsikia vizuri au hakumwelewa.

Tukashikana. Nikavuta. Hakuja. Nikavuta kwa ule mvuto ambao yule askari akiuona tu anaruka, na mtu kasimama pale pale, ananitazama usoni, anangoja. Nikaingiza nyonga, nikajikuta nimempa mgongo tu, sina ninachokibeba. Halafu kitu kikanifagia mguu, nikaiona dari. Nikainuka nikamwambia turudie. Tukashikana tena, nikaiona dari tena, upesi zaidi.

Alinipa mkono akaninyanyua. Hakuwa na kejeli hata chembe. Akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza: "Mama, samahani. Mbona hawa wenzako wanaanguka kabla hujawavuta?"

Nikawatazama. Yule Mhindi akainamisha kichwa akawa anafunga mkanda wake uliokuwa umeshafungwa. Wale wasichana wa chuo wakatazamana. Askari polisi akatazama ukutani. Mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na benchi, mikono kaiweka nyuma, macho chini, na uso wake ndio ulionijibu.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka nikiwa na zile zile nguo za judo, buibui limefungwa ovyo. Nilikwenda mbio mpaka Darajani bila ya kugeuka. Nyumbani nikaingia jikoni nikaanza kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Mkwe wangu alipofika nikamuuliza hata shela hajavua, na yeye pia? Akasema naam mama. Tokea lini? Tokea siku ya mwanzo, mama. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama, nani atamwangusha mtu mzima wake?

Nilikuwa nimeona aibu, hilo moja, lakini aibu inakwisha. La pili ndilo lililoninyima usingizi. Kama watu wazima kumi wanaweza kuruka hewani mara mbili kwa wiki, wakaanguka kwa kishindo, wakainuka wakiniambia Bi Mkubwa una nguvu, basi mangapi mengine nimefanyiwa hivyo? Nikaanza kuchunguza kila mtu. Nilimuuliza dada yangu kama biriani yangu ilikuwa na kasoro. Akasema aka, tamu mpaka kisogoni. Nikamuuliza jirani kama kelele zangu zinamkera. He, kelele gani, Bi Mkubwa? Kila jibu lilikuwa zuri na kila jibu lilinikera. Nilikuwa napanda na kushuka ngazi upya, afadhali hata siku zile za mwanzo nilikuwa sijui nnatafuta nini.

Jumatatu nikaenda Jang'ombe mapema, nikamrudishia mwalimu mkanda wake. Nikamwambia nataka mtihani upya, na safari hii wa kweli. Akajizungusha weee. Mara umri, mara mifupa, mara ngoja tuone mwezi ujao. Nikamwambia aseme neno moja la haki. Macho yakamlegea. "Bi Mkubwa, wewe ndiye uliyepika harusi yangu," akasema. "Umepika harusi ya nusu ya hawa. Tukuangushe vipi?"

Nikamwambia harusi imeshaliwa.

Akakubali, shingo upande. Akawaita wote wakae pembeni, yule mgeni wa bara naye akiwepo. Nilijitolea kuanza na mkwe wangu, kwa sababu nilijua yeye ndiye mwenye ujuzi kuliko wote, na kwa sababu, niseme ukweli, ndiye niliyekuwa nimemkasirikia kuliko wote. Wengine walinidanganya saa moja ukumbini. Huyu alikuwa anarudi na mimi nyumbani, ananisugua mgongo, ananisikiliza nikijisifu, na anasema naam mama.

Tuliweka mikono vifuani. Tukashikana. Nikavuta, nikaona ameanza kusimamia vidole mwenyewe. Nikamwachia. Nikamwambia asifanye hivyo. Tukashikana tena, akakaza kidogo, kisha nikahisi analegea taratibu, anatafuta pa kuangukia. Mikono yake ukosini mwangu ilikuwa laini kama mtu anayenitengeneza nguo. Nikamwambia vuta. Akasema naam mama, hakuvuta. Nikamwambia tena, kwa ukali. Machozi yanamlenga, hakuvuta. Nikamuuliza nguvu za watu wa pwani ziko wapi, kule kwao wanawake wanabeba magunia ya mwani mabichi kichwani, yeye kalishwa nini.

Damu ikanichemka. Nikasema neno ambalo sikulipanga. Nikamwambia: "Ndo maana mumeo kakuacha huku."

Mikono ile ikabadilika. Sijui niseme vipi. Ilikuwa laini, ikawa haiko laini. Nilihisi ukosi umekaza shingoni na mkono wa nguo yangu umevutwa chini, nikajaribu kushika, nikakosa pa kushika, miguu ikaniacha. Nilipaa kweli, mimi na mwili wangu wote. Sikumbuki kupiga mkeka kwa mkono ingawa wanasema nilipiga. Nakumbuka kishindo, pumzi kunitoka, na dari yenye alama za maji ya mvua.

Hakuniinamia. Siku zote nikienda chini yeye ndiye wa kwanza kunishika. Safari hii alisimama juu yangu, mtandio umemlegea, anahema.

"Hakuniacha," akasema. "Mie ndo nnayemwacha, kila siku, kwa ajili yako. Nataka kwenda kwa mume wangu, mama."

Mbele ya watu wote, yule mtoto aliyekuwa hasikiki.

Sikuwa na pumzi ya kumjibu, na nashukuru, maana ningelijibu pale pale ningelisema upumbavu mwengine. Nililala nikiitazama dari. Nilijiona nikimsifu barazani, nikimwambia mwanangu mkewe kaamua mwenyewe. Mimi, ambaye nikionja mchuzi kwa ncha ya ulimi najua nani kautia ndimu, nilikuwa nimeishi na mtu huyu ndani ya kuta zile nne na sikuonja kitu. Au nilionja nikameza. Sijui. Mpaka leo sijui, na hilo linanirudia mara kwa mara, mchana nikiwa nafanya mambo mengine kabisa.

Mwalimu alikuja akanipapasa mbavu, akaniuliza kama naweza kuinuka. Nikainuka kwa shida. Nikamuuliza majibu yangu. Alitaka kucheka, akidhani natania. Nikamwambia nimekuja kwenye mtihani, nataka majibu.

Akawatazama wenziwe, akanitazama mimi.

"Hujafaulu, Bi Mkubwa."

Nikamwambia ahsante. Nilikuwa nimeumia na nimefurahi, na sikuweza kuvitenganisha.

Tulirudi nyumbani mimi na yeye sambamba, polepole, kwa sababu ya mbavu zangu. Darajani tukasimama tukala urojo. Alikuwa amerudi kuwa mdogo, anatazama bakuli lake, na aliponiomba radhi nilimwambia anyamaze ale. Nikamwomba radhi mimi, kwa lile neno. Akasema yamekwisha. Nikamwambia asiseme yamekwisha kama hayajakwisha. Akafikiri, akasema bado, mama, bado yananiuma. Nikasema haya, sasa tunazungumza.

Jioni ile ile nilimpigia simu mwanangu nikamwambia akate tiketi ya mkewe. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama mkewe kaamua mwenyewe. Nikamwambia safari hii ndiyo.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Mie niliendelea kwenda Jang'ombe, na wenzangu walianza kunipa haki yangu kidogo kidogo, kila mmoja kwa woga wake. Yule mgeni wa bara ndiye aliyewafungulia njia. Nilikuwa na madoa ya kijani na buluu mikononi, nikimwonyesha dada yangu naye akisoma dua. Nyumbani nilikuwa sikai. Nilikuwa nikimtafutia mkwe wangu vitu vya kuchukua, nikivifunga, nikivifungua: karafuu, pilipili manga, khanga doti mbili tatu, achari ya embe. Mama yake akaja kutoka Jambiani kumuaga, mwanamke mkavu, mwenye mikono iliyochubuka kwa kamba na chumvi. Tukakaa sebuleni tukanywa chai. Nilimwambia mwanawe aliniangusha. Alishtuka, akataka kumkaripia. Nikamwambia asimkaripie.

Hata mdogo wangu nilimbana mara moja, nikamwambia sema kweli au leo kanzu itachanika: biriani yangu ilikuwaje? Akasema, "Chumvi ilikuwa inazidi, dada. Tangu marehemu alipoanza kuugua." Nikaenda chumbani nikalia, nikatoka nikampa chai.

Kadiri siku ilivyokaribia ndivyo roho yangu ilivyozidi kwenda mbio. Nilikuwa nikimsikia chumbani kwake akiimba chini kwa chini, akipanga nguo. Sikuwahi kumsikia akiimba. Nilikuwa nikisimama nje ya mlango na kikapu cha nguo mikononi, nikisikiliza, nikiwa na wivu, wallahi, wivu wa mtu mzima mwenye mvi, na sikujua namwonea wivu nani.

Uwanja wa ndege tulikwenda na mdogo wangu. Msindikizaji anafika pahala fulani, askari anamsimamisha, mwenye tiketi anapita. Mdogo wangu aliweka mabegi chini akasogea pembeni. Mkwe wangu akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakutazama chini.

"Utaweza, mama?"

Jibu la adabu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tayari mdomoni tangu asubuhi: naweza, mwanangu, usiwe na wasiwasi na mimi, mimi nnao ndugu zangu, nna majirani, nenda salama. Kila mama wa mji huu analijua jibu hilo, na kila mkwe analikubali. Nikafungua mdomo kulisema. Nikamshika mkono wa buibui lake, nikamshika kwa nguvu, nikakuta siwezi kulisema.

"Sijui," nikamwambia. "Naogopa kukaa peke yangu. Sitaki uende."

Nilimwona lile neno linavyomwingia. Nilimwona begani, anavyoanza kulegea, anavyotafuta pa kuangukia kama alivyozoea, na mie bado nimemkamata. Kama angelisema basi nabaki, ningelimkubalia. Nasema kweli, pale pale ningelimkubalia.

Akasimama imara. Akautoa mkono wangu kwenye buibui lake, kidole kimoja kimoja, akaubusu.

"Najua, mama," akasema. Akanyanyua begi lake, akaenda.